Maombi kwa Maandishi, Nakala Mbili

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, kwenye ubao ulio kati ya chumba cha kufulia cha hospitali na ngazi za kwenda utawala. Kabla ya saa mbili watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kulisoma na kushikwa na butwaa. Lilisema hivi: KUANZIA LEO MAOMBI YA MDOMO HAYARUHUSIWI. MAOMBI YOTE YALETWE MASJALA KWA MAANDISHI, NAKALA MBILI. Chini kulikuwa na sahihi ya mtu aliyeonekana kuchoshwa na maisha, na muhuri.

Mtu aliyetulia angeelewa mara moja. Ofisa utawala alikuwa amechoka kuviziwa kwenye korido na watu wanaotaka likizo, uhamisho na kubadilishiwa zamu, huku yeye akiahidi, akisahau, kisha akitukanwa. Lakini watu wa chumba cha kufulia hawakuwa wametulia. Wao kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, walisimama kwenye meza ya kuchambulia mashuka wakaomba Mungu kwa dakika tano, na wiki moja tu kabla ya hapo msimamizi wao alikuwa amelalamika kwamba hizo tano huwa tisa. Wakaunganisha hayo mawili, wakapata la tatu ambalo halikuwepo.

Msimamizi huyo walimwita Dakika, na si kwa siri. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye saa kubwa mkononi, na alikuwa akiitazama hata anapokuambia pole. Kila mtu aliamini kwamba tangazo lile ni mkono wake. Wengine walisema waende kwa askofu, mmoja akasema waende redioni.

Shangazi ndiye aliyewatuliza. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina hilo alipewa na chumba chenyewe miaka kumi na tisa nyuma, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kukuuliza kama umekula kabla ya kukuuliza umefika saa ngapi. Kazi yake ilikuwa mashine kubwa ya mwisho, ile inayofua magauni ya chumba cha upasuaji tu, na hakuna aliyethubutu kuigusa bila yeye kujua. Alivaa miwani, akalisoma tangazo mara tatu, akasema kwamba hakuna aliyewakataza kuomba. Wamekatazwa mdomo; mikono wameachiwa.

Kesho yake alifika na daftari la mistari na karatasi ya kaboni. Aliandika ombi lake akiwa amekaa juu ya kapu la mashuka lililogeuzwa, akalipeleka masjala.

Karani wa masjala alikuwa mtu wa makamo aliyehamishiwa pale kutoka stoo, na duniani aliogopa jambo moja, kuonekana hajui kazi. Ungempelekea hata ndizi angeigonga muhuri. Aliisoma karatasi ya Shangazi kuanzia shukrani za kuamka salama hadi amina, akakohoa, akauliza hili ni ombi la nini. Shangazi akamjibu kwamba ni la asubuhi. Basi karani akafungua rejista. Kwenye aina ya ombi akaandika "Asubuhi". Kwenye linakotoka akaandika "Chumba cha kufulia". Kwenye linakokwenda alisita, akauma kalamu, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri, "Mungu, kupitia Utawala". Safu ya hatua iliyochukuliwa akaiacha wazi, kwa kuwa haikuwa yake kuijaza. Akagonga muhuri wa tarehe kwenye nakala zote mbili, akamrudishia moja, nyingine akaitia kwenye faili jipya la manjano lenye nambari.

Siku tisa baadaye ukweli ukajulikana. Mpiga pasi mmoja alikwenda kuomba ruhusa ya msiba, akaelekezwa kwenye tangazo, na ofisa utawala mwenyewe akamweleza maana yake kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta. Chumba cha kufulia kilivunjika mbavu. Mpiga pasi alicheka hadi akaunguza foronya. Watu wakarudi mezani kwao kuomba kwa mdomo, na Dakika akarudi kutazama saa.

Shangazi naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kujitia hamnazo, ila hakuacha kuandika. Alikuwa amegundua jambo ambalo hakulitarajia. Yeye alikuwa mwombaji mashuhuri, mwenye sauti ya kuwatoa watu machozi, na kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa imemwezesha kupita juu ya mambo bila kuyagusa. Kwenye karatasi sauti haikuwepo. Akiandika "utusamehe makosa yetu" kalamu ilisimama pale pale ikingoja atajwe nani na kosa gani. Ikawa anaandika kweli tupu, kwa sentensi fupi, na akiisha kuandika anajisikia mwepesi. Karani naye aliendelea kupokea. Faili likishafunguliwa, alisema, haliwezi kufungwa bila barua.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo, boila ikaanza kuugua. Maji ya kufulia magauni ya upasuaji yalipaswa kufika nyuzi sabini, na siku ile, Jumatatu, mshale wa mashine ya Shangazi uliganda kwenye arobaini. Alimwendea Dakika akamwambia. Dakika alisema fundi anakuja. Saa nne akamwendea tena. Safari hii Dakika hakuinua hata macho. Alisema chumba cha upasuaji kinasubiri magauni, aendelee, na kwenye fomu ya joto ajaze sabini kama kawaida. Shangazi alisimama na ile fomu mkononi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama na karatasi yoyote. Kisha akajaza sabini na kutia sahihi.

Jumanne asubuhi ombi lake lilikuwa la kurasa mbili. Karani aligonga muhuri ukurasa kwa ukurasa.

Jumatano muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji aliyarudisha magauni yote yakiwa yananuka, na maabara ikakuta vijidudu kwenye kitambaa. Hakuna mgonjwa aliyedhurika, ila upasuaji ulisimama siku mbili nzima na hospitali ikataka kujua ni nani. Alhamisi Dakika aliandika ripoti ya nusu ukurasa. Alisema hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu joto la maji, na kwamba fomu iliyopo ina sahihi ya mfuaji mwenyewe. Jumba bovu likamwangukia Shangazi. Alipewa barua ya kusimamishwa na kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa ya wiki iliyofuata, na kila mtu alijua kamati ile huwa inamaliza vipi. Unga ulikuwa unamwagika. Na si unga tu: miaka kumi na tisa hakuna gauni lililotoka mikononi mwake na doa, na sasa alikuwa anaondoka akiitwa mwongo aliyehatarisha wagonjwa.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja nyumbani siku hiyo hiyo na wanawake wawili wa kikundi cha maombi. Wifi alikuwa mtu wa vita. Alitaka wafunge siku tatu na kumpiga Dakika kwa maombi ya moto, avurugikiwe, apooze ule mkono ulioandika ripoti, ajue kwamba watu wana Mungu wao.

Nisiseme uongo, Shangazi alishawishika. Jioni ile alikuwa amekwisha kumwona Dakika akilini, mkono na saa yake vikiingia kwenye mashine ya kunyoosha mashuka, na picha hiyo haikumsumbua hata kidogo. Lakini alipochukua daftari ili aiandike kama ombi, ilikataa kuandikika. Kwa mdomo angeisema vizuri na watu wangeitikia amina. Kwa wino, chini ya jina la Bwana aliyeombea waliompigilia misumari, ilionekana jinsi ilivyokuwa.

"Wifi, Mungu si mgambo wangu," alisema. "Siwezi kumtuma akampige mtu."

"Basi unyamaze tu, akukanyage?"

"Nani amesema ninyamaze? Ijumaa nitasema mbele yao wote. Haki yangu naitaka, tena yote. Ila huyu mtu simwombei mabaya."

Wifi alimwambia kwamba anaringa. Waliomba pamoja hata hivyo, na Shangazi aliomba haki kwa sauti yake kubwa mpaka jirani akazima redio. Alipofika kwenye jina la Dakika akalipita. Kwenye daftari aliliandika, akalikata, akaliandika, akalikata. Mara ya nne hakulikata.

Kusimamishwa kulimzuia kuingia chumba cha kufulia. Hakukumzuia kufika masjala, ambayo mlango wake uko upande wa mbele, wa raia wote. Kila asubuhi aliendelea kufika na nakala zake mbili. Siku ya tatu karani hakugonga muhuri. Alifunga mlango wa kaunta, akatoa faili la manjano na kulifungua pale penye ombi la Jumanne.

Shangazi alilitazama kama kitu cha mtu mwingine. Kwa siku zote zile hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba alichomwambia Mungu kilikuwa pia kimeandikwa mahali. Karani alimwonyesha kwa kidole. Ukurasa wa kwanza ulieleza boila, mshale kwenye arobaini, na kwamba alimwambia msimamizi mara mbili, saa moja na saa nne. Muhuri ulikuwa wa Jumanne. Magauni yalirudishwa Jumatano. Hakuna binadamu ambaye angeweza kusema ameyatunga baada ya kushtakiwa.

Alimshukuru Mungu pale pale kwenye kaunta, na karani akaitikia amina bila kujua kama inaruhusiwa kikazi.

Kisha karani akafunua ukurasa wa pili, akateremsha sauti. Alisema yeye ni mtu wa masjala na hajasema kitu. Ila pini za siku hizi ni dhaifu. Karatasi huachana. Ukurasa wa kwanza unajitosheleza, na kamati ikisoma huo tu mambo yamekwisha.

Shangazi alikumbuka vizuri alichokiandika kwenye ukurasa wa pili. Hakumjibu karani ndiyo, hakumjibu siyo. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Wifi alipoelezwa alipiga magoti kwa furaha. Aliona ni mlango ambao Mungu ameufungua, na mtu haulizi maswali mlangoni. Huenda alikuwa sahihi. Shangazi mwenyewe aliamka mara mbili usiku akiwa amekwisha kuamua kukaa kimya, na mara mbili asubuhi ilipofika akawa hajaamua. Lililomsumbua lilikuwa hili: alikuwa anaomba haki, na alikuwa anataka aikate nusu, achukue upande wenye nyama.

Ijumaa alivaa gauni lake la kanisani la bluu, akafika robo saa kabla. Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha utawala: watu watano, jagi la maji, na mwenyekiti, daktari mwanamke mstaafu mwenye nywele fupi nyeupe, ambaye alisikika kuwa hana mzaha na mtu. Dakika alikaa upande wa dirishani. Alikuwa amekonda zaidi, na Shangazi aligundua kwamba kwa mara ya kwanza hatazami saa.

Ripoti ilisomwa. Fomu ya joto ikapitishwa mkono kwa mkono, sabini, na sahihi chini. Shangazi alipoulizwa kama ana la kujitetea, alisema kwamba alitoa taarifa mara mbili na kwamba yaliyotokea siku ile yamo kwenye faili la masjala. Akataja nambari. Karani, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anangoja mtu, alikuwa nalo mkononi.

Mwenyekiti alifungua faili, akakunja uso. Aliuliza hizi ni nini. Karani alieleza, akitokwa na jasho, kuhusu tangazo, rejista, na jinsi ilivyokuwa vigumu kufunga faili lililokwisha kufunguliwa. Mjumbe mmoja alicheka, akaacha alipoona mwenyekiti hacheki. Mwenyekiti alipekua hadi tarehe aliyoitaka, akasoma kwa sauti kavu, kama anasoma cheti cha dawa.

"Bwana, boila ni mbovu. Mshale ulisimama arobaini jana, asubuhi hadi jioni. Nilimwambia msimamizi saa moja, nikamwambia tena saa nne. Amesema tuendelee. Bwana, magauni haya yanakwenda kwa watu waliolala bila kujitambua. Walinde wewe, maana sisi hatukuwalinda."

Aliuangalia muhuri kwa karibu. Akaupitisha kwa wajumbe. Kisha akalifunga faili, akaliwekea mkono juu, akasema kwamba kwa maoni yake inatosha, na kwamba sasa angependa kumsikia msimamizi.

Ilikuwa imekwisha. Shangazi aliona nyuso zimebadilika, aliona karani mlangoni akipumua, akasikia ndani yake sauti ya wifi ikishangilia. Alichotakiwa kufanya ni kukaa. Badala yake akasimama.

"Mheshimiwa, kuna ukurasa wa pili."

Karani alifumba macho. Mwenyekiti alisema haoni ukurasa wa pili. Shangazi akasema kwa upole kwamba pengine umeachana na pini, na kwamba yeye ana nakala yake, yenye muhuri. Akaitoa kwenye mkoba, akaipeleka mwenyewe mezani, akarudi kukaa.

Mwenyekiti aliusoma kwanza kimya. Kisha akausoma kwa sauti, polepole kuliko ule wa kwanza.

"Na mimi nilijaza sabini, Bwana, nikijua ni arobaini. Aliniambia jaza, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilitia sahihi uongo. Nisamehe. Nikiambiwa tena unipe ujasiri wa kukataa, hata nikifukuzwa. Umkumbuke na msimamizi wetu. Siku hizi hata chai hanywi. Kuna kitu anakiogopa, sijui ni nini. Mwondolee, kisha umpe ujasiri na yeye. Amina."

Mjumbe mmoja alianza kuandika, akaacha. Mwenyekiti alimwuliza Shangazi kama anaelewa kwamba amejishtaki mwenyewe, kwa mwandiko wake, kwa kosa ambalo mtu hufukuzwa kazi. Shangazi alijibu kwamba anaelewa. Alisema kosa lake alibebe yeye, na la mwenzake lisiwe juu yake. Alitaka vyote viwili viandikwe.

Mwenyekiti alimgeukia Dakika. Sasa Dakika alikuwa na njia, na kila mtu pale aliiona. Sahihi ipo, kukiri kupo, na habari za kuambiwa mara mbili zilikuwa za mdomo wa mshtakiwa mwenyewe, hata zikiwa na muhuri. Angeweza kukana hadi mwisho. Alikuwa ameukodolea macho ule ukurasa mezani.

"Iliandikwa Jumanne?" aliuliza.

"Jumanne," mwenyekiti akasema.

"Jumanne nilikuwa sijamwandika bado." Aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Ni kweli aliniambia. Mara mbili. Na kujaza sabini nilimwambia mimi."

Kisha yakatoka mengine yote, yakifuatana. Mwezi ule alikuwa amekwisha kuripoti boila mara tatu kule juu, na mara ya tatu aliambiwa kwamba msimamizi anayeripoti tu bila kutatua hafai kuwa msimamizi. Ana watoto wanne. Aliogopa. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyemwambia hivyo, na Dakika akamtaja ofisa utawala kwa cheo chake, mchana kweupe, mbele ya wajumbe watano. Sasa hata yule mjumbe aliyecheka alikuwa anaandika.

Waliwatoa nje nusu saa. Shangazi alikaa kwenye benchi la korido, Dakika akasimama mbali. Waliporudishwa ndani mwenyekiti alisoma uamuzi bila kupamba. Tuhuma dhidi ya mfuaji imefutwa na anarudi kazini Jumatatu. Kwa kutia sahihi fomu isiyo ya kweli anapewa barua ya onyo, na itakaa kwenye faili lake mwaka mzima. Ofisa utawala ataitwa na kamati. Boila itatengenezwa kabla ya gauni lolote kufuliwa. Msimamizi anavuliwa usimamizi. Kwa kuwa amesema kweli hafukuzwi, bali anarudishwa kwenye mashine, alikoanzia.

Barua ya onyo Shangazi aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ya haki, na alishangaa jinsi isivyokuwa nzito.

"Nafasi iliyopo ni moja," mwenyekiti akamwambia. "Mashine iliyo jirani na yako. Mtakuwa naye kila siku, bega kwa bega. Una haki ya kukataa. Ukikataa tutamtafutia mahali pengine, au tutamwacha aende."

Shangazi alimtazama Dakika, mtu aliyekuwa tayari kumzika ili yeye apone. Akaitafuta ile hasira ya wiki nzima. Alikuwa na haki nayo na alijua mahali alipoiweka. Aliitafuta kwa bidii, maana hakutaka kujibu kwa adabu tu kisha akaja kuteseka Jumatatu. Aliipekua nafsi yake kama wafuaji wanavyopekua mifuko ya makoti ya madaktari kabla ya kuyatia mashineni, na haikuwepo.

"Aje," akasema.